Isale Nililowapelekea Wachangiaji

Mimi hadi leo nikipita kwenye ua wa masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani, nageuza uso pembeni, na wale wanaoijua sababu hunikoholea makusudi. Haya, leo nasimulia mwenyewe, maana nimechoka kusimuliwa na watu ambao kila mwaka wananiongezea ujinga mpya juu ya ule niliokuwa nao (na ule wa kwanza ulitosha kabisa, jamani).

Ilikuwa enzi za Mwingereza, huku kwetu Uru, kipindi kahawa ilipokuwa na bei nzuri na kila mtu anajiona bwana. Nilikuwa karani wa kupima kahawa, nimerudi mlimani baada ya kulelewa Moshi mjini kwa mjomba wangu aliyefanya kazi reli, ndiyo maana walinibandika jina la Mtoto wa Stesheni. Kichagga nilikuwa nakibabaisha, mila nazijua nusunusu, lakini suruali yangu ilikuwa na mkunjo wa pasi, na kwa ajili ya mkunjo ule wakanifanya katibu wa kamati ya kujenga chumba cha wazazi karibu na kanisa.

Chumba hicho hakikuwa cha mapambo. Mama akishikwa na uchungu ukawa mbaya alibebwa kwa machela kushuka hadi mjini, na dada yangu Paulina alimpoteza mtoto wake wa kwanza hivyohivyo, njiani, juu ya machela. Sasa alikuwa na mimba nyingine, tena imeshakua. Watu walikuwa wamechanga, mwenye ndizi kaleta ndizi ziuzwe, mwenye mbuzi kaleta mbuzi, na kuta za matofali mabichi zilikuwa zimesimama. Paa hakuna. Na masika hayo yanakuja, mawingu yameanza kukaa mlimani kutwa nzima, na tofali bichi likinyeshewa sawasawa linarudi kuwa tope. Nilikuwa nikilala naziota zile kuta zinaporomoka na Paulina yumo ndani.

Tukatangaza mchango wa pili kanisani. Tukatangaza tena, watu wakatazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama vidole. Baba mdogo Aloisi, ndiye mwenyekiti wetu, mtu mnyoofu ambaye hata parachichi likidondokea upande wake kutoka kwa jirani analirudisha, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Tafuta njia watu waje." Hapo ndipo shetani aliponipitia.

Nilikumbuka mzee mmoja mkaidi, sijapata kuona mfano wake, aliyekuwa hasemi na ndugu yake miaka na miaka. Siku moja akapelekewa jani la isale limefungwa fundo, akalitazama, akaguna, akanyanyuka akaenda kumkumbatia. Nikauliza kulikoni, wakaniambia, "Isale halikataliwi." Basi, maneno hayo tu. Mwenye akili zake angeuliza linapelekwa kwa habari gani, lakini mimi niliona tayari nimepata ufunguo wa mifuko ya Uru nzima.

Nikakata masale (tena kwenye ua wa mpaka wa kihamba cha baba mdogo, yaani shamba lake la migomba, jambo ambalo nalo lina kesi yake, tuliache), nikayafunga fundo moja moja vizuri, nikawapa wanafunzi wa shule wapeleke kwa kila aliyechanga mara ya kwanza. Ujumbe niliutunga kwa ujanja, kwa sababu nilijua neno mchango likitajwa tu, ghafla kila nyumba itakuwa na mgonjwa au mgeni. Nikawaambia waseme hivi: "Kamati inawaomba. Njooni Jumapili baada ya misa." Inawaomba nini, sikusema. Jingine nikashuka nalo mjini kwa Bwana Athumani, Mwislamu mzaliwa wa Moshi, mfanyabiashara wa mbao, ambaye alitupa mbao za milango bila kubembelezwa. La Mangi, mtawala wetu, nikalipeleka mwenyewe kwa karani wake.

Yule karani alipoliona alirudi nyuma. "Limetoka kwa kamati?"

"Kwa kamati."

"Mwenyekiti anajua?"

Nikamwambia anajua. (Hakuwa anajua kitu, nilitaka kumshangaza.) Karani akalipokea kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani bila kuniaga, na mimi nikateremka nikipiga mbinja, nikijisemea, tazama heshima hiyo!

Kuanzia hapo mambo yakaanza kunuka, ila pua yangu ilikuwa imeziba. Wanawake mferejini wakiniona nakuja wananyamaza. Mzee mmoja alikuja kupimiwa kahawa akakaza macho kwenye mizani mpaka nikajisikia vibaya. Jumamosi jioni baba mdogo akarudi kutoka sokoni, akakaa, akakataa hata pombe ya mbege aliyowekewa. "Leo nasalimia watu, wananiitikia kama wanamwitikia mfiwa," akasema. "Kuna nini?" Nikamwambia watu wanajiandaa kwa kesho, asiwe na wasiwasi.

Jumapili uwanja wa kanisa ulifurika. Mungu anisamehe, misa yenyewe sikuisikiliza, nilikuwa nahesabu vichwa. Tulipotoka nje Mangi alikuwa ameshakalia kiti chake, watu wake wamesimama nyuma, na lori la Bwana Athumani limeegeshwa pale barabarani. Nilifurahi, nikafurahi, halafu furaha ikaanza kukauka mdomoni. Hakuna aliyebeba kitu. Hakuna kikapu, hakuna mkungu wa ndizi, hakuna hata kuku. Kila mtu ameshika jani lake.

Baba mdogo akanishika mkono kwa nguvu. "Hawa umewaitaje?"

"Kwa isale, baba mdogo."

"Isale la nini?"

"La kuomba."

"Kuomba nini?"

"Mchango wa paa."

Akakaa kwenye ngazi ya kanisa. "Mae! Mtoto wewe! Isale ni la kuomba radhi. Mtu analipeleka pale alipomkosea mwenzake kosa kubwa. Umewaambia watu wote hawa kwamba mimi nimewakosea!"

Sikupata hata nafasi ya kujibu maana Mangi alikuwa ameshanyanyua mkono, uwanja ukatulia.

"Aloisi," akasema, taratibu, "nimepokea isale lenu na nimekuja. Kukataa siwezi. Sasa taja kosa tulisikie."

Baba mdogo angesema nini na hana kosa? Sauti ikatoka nyuma, "Wamekula!" Nyingine ikadakia, "Mbuzi wangu arudi nyumbani leo!" Bwana Athumani akapenya katikati ya watu, kanzu kaishika isiguse vumbi. "Jamani, mimi mambo ya majani siyajui," akasema. "Nimemuuliza mpagazi wangu Mchagga, akaniambia, bwana, ukiletewa hilo ujue umeshadhulumiwa, hapo unabembelezwa tu. Mbao zangu mmeziuza?" Vijana wawili walikuwa wameshasogea karibu na ngazi alipokaa baba mdogo. Nilimwona akivua kofia yake na kuishika mapajani, mzee mzima, na nikajua nikinyamaza tena watamvunjia heshima mbele yangu.

Basi nikaruka mbele nikapiga kelele, "Hakuna kosa!"

Ole wangu! Afadhali ningenyamaza. Kumletea mtu isale halafu ukamwambia hakuna kosa ni sawa na kumtemea mate usoni. Uwanja uliwaka. Mangi akasimama, na nilikuwa sijawahi kumwona akisimama kabla ya shauri kwisha. "Wewe Mtoto wa Stesheni, umeniletea mimi isale la mzaha?" Ule mkunjo wa suruali, sijui ulikwenda wapi.

Hapo dada yangu Paulina akanyanyuka kutoka walipokaa wanawake, mkono kiunoni, tumbo mbele. Nikashukuru Mungu, nikasema ndugu yangu anakuja kuniokoa.

"Kosa lipo," akasema. "Mimi nilitoa ndama wangu. Alipouzwa hakuna aliyenifuata kuniambia ameuzwa, wala amenunua nini. Napita hapa naziona kuta, sijui tofali langu ni lipi. Ninachosikia kila Jumapili ni leteni tena. Asante sijaipata, na huyo katibu ni mdogo wangu, anakula kwangu. Nilijisikia kama nimemtupa ndama shimoni."

Halafu bibi mmoja akasema, "Eeh, hata mimi." Mwingine, "Hata mimi, mwenzangu." Ikaenda hivyo uwanja mzima, na kila "hata mimi" ilinichoma, maana ilikuwa kweli tupu. Tulipokea vitu vya watu tukawageuzia migongo.

Nikapiga magoti. "Kosa ndilo hilo," nikasema. "Na la pili ni langu peke yangu. Sikujua isale ni la nini, nilidhani ni la kuombea chochote. Baba mdogo hakujua, na karani wa Mangi nilimdanganya."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa wanawake. "Alidhani ni la kuombea chochote! Mae, Mtoto wa Stesheni!" Kikasambaa mpaka Mangi akaziba mdomo kwa kiganja, na Bwana Athumani, ambaye ilibidi atafsiriwe, akacheka wa mwisho na akachelewa kunyamaza kuliko wote. Baba mdogo peke yake hakucheka. Mangi akasema tumesamehewa, na mimi, badala ya kushukuru nikae chini, nikaona mlango umefunguka, nikasema, "Basi kwa kuwa mmetusamehe, ule mchango wa paa..."

Mangi akanikata. "Aliyeleta isale haombi kitu. Aliyeleta isale anatoa. Hawa umewaomba radhi leo, leo hiihii hutawaomba mali zao. Wewe unatoa nini?"

Sasa, niwaambie, wakati ule nilikuwa nachumbia. Baba yake Veronika alishasema binti yake hatalala chini ya paa la nyasi, kwa hiyo nilikuwa nimejinyima mpaka nikapata mabati, yamepangwa nyumbani kwa baba mdogo, na Uru nzima ilikuwa inayajua kwa sababu nilihakikisha inayajua. Mtu mmoja (sitamtaja, bado yu hai na bado simpendi) akaropoka, "Ana mabati!"

Watu wote wakageuka kunitazama isipokuwa Paulina. Yeye alikuwa anazitazama zile kuta.

"Nayatoa," nikasema, na sauti yenyewe ilikuwa ya kifaranga.

Yakabebwa siku ileile kwenye lori la Bwana Athumani, na mvua ilianza mafundi wakigongelea bati la mwisho. Kuta zikasimama. Baba yake Veronika akaahirisha harusi hadi msimu mwingine wa kahawa, na mimi nikatumwa na baba mdogo kupita nyumba kwa nyumba, mikono mitupu, siombi chochote, naeleza tu: mbuzi wako alilipa fundi, ndizi zako zilinunua misumari. Wengine walinikaribisha mbege, wengine walinicheka mlangoni, na wapo ambao, bila kuombwa, walileta vitanda. Tangu hapo nimekaa kwenye kamati nyingi, na naapa mbele yenu, simwendei mtu mara ya pili kabla sijamrudishia habari ya mara ya kwanza, na jani lolote la kupeleka kwa watu atalipeleka mwingine.

Paulina alishikwa na uchungu katikati ya masika. Nilisimama nje usiku kucha, nimelowa chapachapa, mvua inapiga yale mabati kwa kishindo hata sisikii kama ndani wanalia au wanacheka, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa siku ile uwanjani. Asubuhi mlango ukafunguliwa nikaitwa. Alikuwa amekaa kitandani, amechoka, uso umemvimba, na kitoto cha kike kimefungwa kwenye kanga.

"Njoo ukae hapa," akaniambia, akaniwekea mtoto mikononi. "Nikueleze mabati yako yamefanya nini."