Pamba Nyeupe Mgongoni mwa Kiwavi

Harufu ya mafuta ya taa juu ya majani mabichi bado hunifanya nitazame chini. Nilikuwa na miaka kumi, na masika yale mimi na shangazi tulikuwa tumehamia shambani Lupiro, tukilala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo juu ya maji. Mpunga ulikuwa umefika magotini. Viwavi walikuwa wameingia, na baadhi yao walibeba mgongoni vifundo vya pamba nyeupe, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa sayansi, na kosa moja daftarini lilitosha kuninyima usingizi. Nikamwambia shangazi kwamba yale ni mayai, tuyachome kabla hayajaanguliwa.

"Waache hao wenye pamba," alisema, ameinama anang'oa magugu. "Kiwavi akishavaa hivyo, hali tena."

Nikasema kitabu hakisemi hivyo.

"Haya, mwalimu. Na huyo kiwavi kakwambia yeye ndiye mama yao?"

Majirani waliokuwa wakisukuma baiskeli kwenye tuta walicheka, na kicheko kile sikukimeza. Kesho yake shangazi alipokwenda Ifakara, nilichukua kopo na mafuta ya kibatari, nikapita shamba zima, nikachuma wenye pamba peke yao. Waliokuwa wakitafuna majani niliwaacha. Niliamini nikimaliza mayai nimemaliza ukoo. Nikawachoma wote pembeni mwa tuta, kwa uangalifu mkubwa.

Wiki chache baadaye upande wa juu wa shamba ulibaki vijiti, viwavi wamemaliza majani. Majirani walipouliza, shangazi alisema, "Nilichelewa palizi, kosa langu." Nilikuwa nimekaa hapo hapo, napuliza moto. Niliendelea kupuliza.

Sasa naishi Viwanja Sitini, mtaa wa Ifakara, na wadudu nimejifunza mwenyewe, kwa simu na lenzi ndogo. Ile pamba ni vifuko vya nyigu wadogo wa jenasi Cotesia. Jike hutaga ndani ya kiwavi, watoto wake humla kwa ndani, kisha hutoka na kujisukia vile vifuko, na wakikua hutafuta viwavi wengine. Nyigu mwenyewe ni mweusi, mdogo kama sisimizi. Vipapasio vyake vina vipande kumi na vinane, mrija wa kutagia ni mfupi kiasi kwamba huuoni kwa urahisi, na bamba la kwanza la tumbo, ukilitazama kwa juu, lina mikwaruzo. Wenzao wa jenasi Apanteles, ambao huwachanganya wengi, mara nyingi mrija wao ni mrefu. Watu hunitumia picha za wadudu niwatambulie, nami nahesabu vipande mara tatu kabla ya kujibu.

Mwezi uliopita nilikwenda Lupiro na chupa yenye nyigu hao. Baada ya shikamoo nilimwambia shangazi kwamba mwaka ule hakuchelewa palizi. Ni mimi niliyewachoma wenye pamba. Alitazama kwenye lenzi kwa muda mrefu.

"Kumbe wana mabawa," alisema. Kisha, "Kopo lako nililiona siku ile ile."

"Mbona hukusema, shangazi?"

"Nilisubiri useme wewe. Baadaye nikachoka kusubiri."

Akanirudishia lenzi, akaenda kuanua mpunga. Siku hizi nahesabu mara tatu kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Yeye, aliyekuwa sahihi bila lenzi, nilimbishia bila kuhesabu hata mara moja, na kurudi kumwambia hivyo kumenichukua miaka kumi na minne.