Jina la Jalalani

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeona nzige wakitua juu ya mgomba mpaka ukainama. Nimeona jiwe la kusagia likipasuka vipande viwili huku mkono wangu uko juu yake. Kinu changu cha maji nilikijenga mwenyewe, mtu wa darasa la pili, na hadi leo wanawake wa upande wa Nyamache wanavipita vinu vya wenye shule zao ili wasage kwangu. Kwa hiyo ndugu yangu wa kambo alipokuja kinuni kuniomba kitu ambacho sijawahi kuombwa na mtu, nilipaswa kucheka tu. Sikucheka.

Kwanza nieleze habari ya majina. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na jina zuri ni mali kama ng'ombe. Lakini mama aliyezika watoto hana nafasi ya maringo. Anayezaliwa humpa jina ambalo kifo hakitalitamani. Utotoni nilicheza na Fisi, nikachunga na Njaa, na msichana mmoja jirani yetu aliitwa Hatumtaki, akaja kuolewa kwa ng'ombe wengi kuwashinda warembo wote. Mimi, kwa kuwa walionitangulia walikufa wote, niliwekwa alfajiri juu ya jalala, kwenye majivu na maganda ya ndizi. Akaniokota mpita njia asiye wa nyumba yetu, mama akaninunua kwake. Hivyo ndivyo kifo kinavyodanganywa: kinakuja kumtafuta mtoto wa nyumba fulani, kinakuta kitu cha kuokotwa. Jina langu kwa lugha yetu sitaliandika. Kwa Kiswahili ni Jalala.

Baada yangu mke mdogo wa baba akazaa. Nyumba yake haikuwa na kaburi hata moja, basi mtoto wake akapewa jina la babu yetu, yule aliyejaza maboma ya ng'ombe.

Nilimwonea wivu huyo mtoto, sifichi. Wazee walikuwa wakiinuka kidogo kwenye vigoda kumsalimu, yeye na kamasi zake: "Omogaka, mzee wetu, umeamkaje?" kana kwamba babu amerudi. Mimi nilisikia, "We Jalala, leta moto!" Tukakua. Nilipopata baiskeli, nilipita mbele ya nyumba yake ya nyasi hata nikiwa sina safari. Nilipoezeka mabati, nilifurahi mvua ikinyesha kwa kishindo, nikijua anasikia. Haikusaidia. Sokoni Kenyenya yeye mwenye suruali ya viraka alisalimiwa kwa jina la mwenye ng'ombe, na mimi mwenye koti la mvua nikaulizwa, "Jalala, unga wangu uko wapi?"

Siku ile aliyokuja kinuni alingoja wanawake waondoke.

"Ndugu yangu," akasema, "nimekuja kuomba."

"Mahindi au pesa?"

"Jina."

Nilifunga maji, gurudumu likasimama. "Jina gani? Wewe si unalo? Lile linaloinua wazee?"

"Halijanisaidia. Watoto nimezika watatu. Huyu wa sasa ana siku chache, na mke wangu halali, anamsikiliza pumzi. Jumatano tutamweka jalalani. Nataka aitwe kama wewe, kwa sababu wewe ulipona."

Jina ambalo nilikuwa nalichukia tangu nijue kusikia, ghafla niliona ni langu. "Hulipati," nikamwambia. "Nimelibeba likinuka, nimelijengea nyumba ya mabati. Leo limeanza kunukia, ndiyo unalitaka?"

Aliinamisha kichwa. "Basi tutamwita Fisi. Yule Mwislamu wa mjini anayeuza nguo kwa baiskeli amekubali kumwokota. Atakuwa baba yake wa pili."

Baba wa pili! Mtu anayeokota mtoto huheshimiwa katika nyumba ile mpaka kufa kwake. Hakuna sherehe ya mtoto huyo atakayosahauliwa. Na heshima hiyo iende kwa muuza kanga, mimi niliyelala jalalani kweli nikiwa hapa hapa.

Jumatano nilitoka kabla ya jogoo. Nilimkuta mtoto juu ya majivu amefungwa kwenye gunia laini, mdogo kama kifurushi cha chumvi, analia bila nguvu. Nikamwinua.

Mke wa ndugu yangu akatoka mbio kwenye migomba alikojificha, mkono una alama za meno yake mwenyewe, alivyojiuma asilie. "Umeua mtoto wangu! Wewe ni wa nyumba hii! Kifo kitamjua!"

Ni kweli. Anayeokota lazima awe wa nje. Wivu ulikuwa umenisahaulisha jambo ambalo hata mtoto mdogo kwetu analijua. Muuza nguo naye akafika, akaegemeza baiskeli. "Bwana, mtoto ni wa kunyang'anywa kama mzigo wa stendi? Nimeacha njia yangu kwa ajili yake, na shuka lake nimelileta."

Ndugu yangu alinitazama tu, na macho yale sikuyaweza.

Mama yangu mzee ndiye aliyekuja na fimbo yake. "Nyamazeni. Huyu aliyeokota si wa nyumba hii. Nilimnunua kwa mwanamke wa ziwani aliyekuja kuuza vyungu. Nilitoa kikapu cha nafaka ya wimbi, akaniachia mtoto. Sema mwenyewe," akanigeukia, "sema wewe si mjukuu wa mzee yule."

Mzee yule ni babu. Mwenye maboma. Ambaye maisha yangu yote nilitaka mtu mmoja tu anisalimu kwa ajili yake.

"Mama, hilo siwezi."

"Basi mrudishe majivuni, afe akiwa na babu mzuri."

Mtoto akanyamaza mikononi mwangu. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa jiwe la kinu. Nikasema kwa sauti, migomba yote isikie: "Mimi si wa ukoo huu. Mimi ni wa mama wa vyungu. Nimeokota kitu njiani, na kinaitwa Jalala. Nani ananunua?"

Mke wa ndugu yangu akaleta kikapu cha wimbi, akamchukua mtoto wake, akaketi pale pale chini kumnyonyesha.

Amepona. Sasa anachunga, ana mdomo, na sokoni wakiita Jalala yeye ndiye anaitika kwanza, nami naumia. Wazee hawakuniachia: mtu aliyejitoa katika ukoo mbele ya watu harudi bure, wakadai mbuzi wa kunirudisha, wa shilingi kumi na nane. Muuza nguo alikataa kuondoka na shuka lake, nikalinunua kwa shilingi nane ili mtoto afunikwe na kitu changu, si cha mtu mwingine. Senti hamsini nilimwekea mtoto kiganjani. Jumla, shilingi ishirini na sita na senti hamsini.