Breki ya Mkono wa Daktari Mabula

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Mkuu wa Karakana, Mzee Bundala, alinichukua hadi uani, akaniegemeza kwenye ukuta nyuma ya lori la serikali lililoegeshwa kwenye mteremko, akaniambia nilitazame mpaka atakaporudi. Nilikuwa binti niliyetoka chuo cha ufundi, wa kike peke yangu katika karakana ile ya Mwanza, nikadhani ananidhihaki mbele ya wanaume. Aliporudi akaniuliza, "Umeona nini?"

"Lori, mzee."

"Limezuiwa na nini lisikufuate hapo ulipo?"

Nikachungulia chini. Hapakuwa na jiwe wala gogo kwenye tairi zilizo upande wangu. "Breki ya mkono," nikasema.

"Ambayo ni mbovu. Ndiyo iliyolileta hapa."

Nilijibanza ukutani kama mjusi, nikatoka kwa ubavu, pumzi hazinitoshi. Ndipo aliponizungusha upande wa pili, akanionyesha gogo nene alilokuwa ameliweka mwenyewe nyuma ya tairi la mbele. "Sikutaka ufe," akasema. "Nilitaka uogope. Fundi wa breki asiyeogopa simtaki hapa."

Nawaandikia ninyi mnaoingia katika ufundi sasa, mnaochomeka kompyuta kwenye gari ikawaambia ugonjwa uko wapi. Wakati wetu tulisikiliza kwa sikio na kupapasa kwa vidole. Breki za magari yale zilikuwa za ngoma: bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake viatu viwili vinavyotanuka kulibana. Kinachovitanua ni oili inayosukumwa na mguu wa dereva kupitia mabomba membamba. Bomba moja likitoboka, au upepo ukiingia ndani ya oili, pedali inazama hadi sakafuni na gari halina habari nawe. Mzee Bundala alinifundisha kutoa upepo huo tone kwa tone. Kila gari nililotengeneza alinipandisha ndani, akaliendesha mwenyewe kwenye mteremko wa kuelekea ziwani. "Kama umekosea, tutaoga pamoja," alikuwa akisema. Sikumbuki hata safari moja niliyocheka.

Nilihamishiwa Misungwi, chini ya Mhandisi wa Wilaya, nikahudumia malori ya barabara na magari ya zahanati. Baadaye nilirudi mjini nikawa Msimamizi wa Zamu. Miaka yangu ya mwisho niliifanya Ilemela, katika karakana ya Bwana Jivan, aliyesomea uhandisi kisha akarithi duka la vipuri la baba yake. Huko ndiko lilikonikuta gari ninalotaka kuwasimulia.

Lilikuja likivutwa kwa mnyororo. Lilikuwa gari la jeshi la zamani, fupi, la petroli, rangi yake ya kijani imebabuka, limenunuliwa mnadani. Nyuma yake ilifuata teksi, na ndani ya teksi alikuwamo Daktari Mabula, daktari wa mifugo, pamoja na mkewe Sabina. Dereva alishusha kiti cha magurudumu, Sabina akakikunjua, na mwanamume mpana wa mabega akajihamishia humo kwa nguvu za mikono.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, Daktari."

Hakuzungusha maneno. Fahali alikuwa amembana kwenye vyuma vya josho, pale ng'ombe wanapopitishwa kwenye dawa ya kupe, na mgongo ukavunjika. Tangu hapo miguu yake haikusikia kitu. Wafugaji wa Misungwi waliendelea kumpigia simu, naye akawatibia kwa maneno, akiwa kitandani nyumbani kwake Buswelu. Ng'ombe waliohitaji mkono walikufa akiwa anasikiliza.

"Nataka uniondolee pedali," akasema. "Nataka niliendeshe hili kwa mikono miwili niliyobaki nayo."

"Kwa nini hili, jamani? Liko gari dogo la otomatiki, kazi yake rahisi."

"Gari dogo litafika lami inapoishia. Ng'ombe hawakai kwenye lami."

Sabina alingoja mumewe aende kulitazama gari, ndipo akanishika kiwiko. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Mama, nakuomba kama binti yako. Mwambie haiwezekani. Fahali alimwacha hai. Ukimpa hilo gari unamchongea jeneza."

Nilitaka kumwambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuogopa kabla yake. Gari lile lilikuwa na pedali tatu, na Daktari alikuwa na mikono miwili ambayo ilipaswa pia kushika usukani na gia. Breki zake hazikuwa na kifaa chochote cha kumwongezea dereva nguvu. Hata mimi nilizikanyaga kwa mguu mzima na uzito wa mwili. Mkono ungewezaje?

Bwana Jivan alinikuta nimekaa juu ya tairi, nimeshika tama. "Inawezekana?" akauliza.

"Inawezekana, bosi. Ndicho kinachonitisha."

Tulianza. Chini ya usukani nilifunga mkono wa chuma: ukiuvuta kwako gari linaongeza mwendo, ukiusukuma mbele linafunga breki. Kwenye usukani niliweka kirungu cha mbao cha kushikia, ili kiganja kimoja kiweze kuuzungusha. Klachi, ile pedali inayotenganisha injini na gia, niliifungia kopo linaloivuta kwa mvuto wa hewa unaotokana na injini, na swichi yake nikaiweka juu ya kichwa cha gia. Kwa breki nikatoa busta kwenye gari jingine. Busta ni kopo kubwa la duara linalotumia mvuto huohuo kuzidisha nguvu ya anayesukuma. Nilipomaliza, niliketi mwenyewe kwenye kiti, miguu nimeikunja chini yangu, nikasukuma ule mkono. Gari lilisimama kwa wepisi ulionishangaza.

Bwana Jivan hakufurahi. Alilizunguka gari mara kadhaa, mikono mgongoni.

"Mama Fundi, busta inaishi kwa injini. Injini ikizima mlimani?"

Swali hilohilo lilikuwa limeninyima usingizi, nami nilikuwa naliogopa kiasi cha kutolitamka.

"Tutaweka tangi," akasema. Akachora kwa chaki sakafuni: tangi la chuma la kutunza mvuto, na valvu inayouruhusu kupita upande mmoja tu. "Injini ikifa, tangi litampa breki kidogo. Si nyingi. Akiachia na kusukuma tena na tena, litakwisha. Akisukuma mara moja na kushikilia, litamfikisha."

Nililehemu lile tangi kwa uangalifu kuliko kitu chochote maishani, kisha nikalizamisha kwenye pipa la maji kutafuta povu. Hakuna lililotoka. Bado sikuamini.

Daktari alifanya mazoezi uani kwetu hadi akajua kubadili gia bila kutazama. Mkono wake ulikuwa mwepisi kuliko nilivyotarajia; ni mkono uliozoea kumgeuza ndama tumboni mwa mama yake. Kisha ikaja asubuhi ya mlima. Tulilipeleka gari hadi Buswelu, kwenye barabara ya changarawe inayoshuka kati ya majabali na kukata kona chini. Nilikaa kushoto kwake. Sabina alikataa kuja. Alisimama dirishani kwao, nasi tukampita. Hakupunga mkono.

Kupanda kulikwenda salama. Juu tuligeuza. Daktari alifuta jasho la kiganja kwenye shati, akaniuliza, "Unaogopa, Mama Fundi?"

"Sana."

"Afadhali tuko wawili."

Tulianza kushuka kwa gia ya tatu. Mwendo ulipoongezeka akataka kuingia ya pili. Gia za magari yale hazisamehi. Zinataka mwendo wa injini na wa magurudumu upatane, la sivyo hazikubali kuingia. Alibonyeza swichi, akatoa ya tatu, akasukuma. Chuma kikalia. Gia ikakataa. Tukawa hatuko kwenye gia yoyote. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Sijui kama mmewahi kusikia gari likishuka bila injini. Unasikia changarawe tu. Inaanza kama mvua ndogo, kisha inakuwa kubwa.

"Sukuma!" nikapiga kelele. "Sukuma ushikilie! Usiachie!"

Akasukuma. Breki zikashika. Nilisikia pua ya gari ikiinama, nikamshukuru Mungu, na papo hapo tairi za nyuma zikaanza kuteleza juu ya kokoto. Mwili wa dereva yeyote ungemwambia aachie na kukanyaga upya. Niliona misuli ya mkono wake ikitaka kufanya hivyo.

"Usiachie, baba! Ukiachia tumekwisha!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye breki ya mkono, kati yetu. Kwa magari yale breki hiyo haishiki magurudumu, inashika shafti inayoyazungusha. Ukiivuta gari likiwa mbioni, shafti yaweza kukatika, nawe umepoteza la mwisho ulilokuwa nalo. Niliishika bila kuivuta. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Ndipo tukaona ng'ombe. Walikuwa wanavuka chini, kwenye kona, kundi zima, na mchungaji wao, mzee mmoja, yuko mbele na mgongo wake umetuelekea. Nikanyoosha mkono kwenye honi.

"Hapana!" Daktari akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna iliyonitisha zaidi. "Wakisikia honi watasimama watutazame. Waache watembee."

Kwa kiganja kimoja alizungusha kirungu polepole kuelekea upande wa mlima, ambako mvua zilikuwa zimechimba mtaro na kuujaza mchanga. Mkono wa pili ulikuwa umenyooka mbele kama mti, na haukuachia. Gurudumu la upande wangu likaingia mtaroni. Bati likakwaruza jabali, kwa sauti niliyoisikia kwenye meno. Mchanga ukatumeza hadi ekseli, gari likainama, likasimama.

Ng'ombe walipita mbele yetu. Mmoja aligeuka akatutazama, akaendelea na safari yake.

"Naweza kuachia?" Daktari akauliza.

Nilivuta breki ya mkono, nikashuka kwa upande wake maana mlango wangu ulikuwa umebanwa na jabali, nikaweka mawe chini ya kila tairi. Kisha nikakaa chini barabarani, nikatapika. Niliporudi nilimkuta analia kimya, mkono bado uko kwenye chuma. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Nilimwambia Bwana Jivan kwamba sitaligusa tena gari lile. Alinisikiliza, kisha akasema, "Tangi lilifanya kazi, Mama Fundi. Sasa tunajua kinachotakiwa. Ukiliacha wewe, atalipeleka kwa mtu asiyeogopa."

Nilijua kwamba anasema kweli. Tuliongeza tangi la pili, na geji mbele ya dereva inayoonyesha mvuto uliobaki, na kengele ya kumwonya ukipungua. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, tuliifungua tukakuta uchafu wa miaka ya kukaa bure. Hiyo ndiyo iliyozima injini. Tukaweka mpya. Sanduku la gia tulilibadilisha, tukapata lisilogoma.

Siku tunamalizia, Sabina aliingia karakanani peke yake. Nilijiandaa kutukanwa. Alikuwa ameambiwa kila kitu; mumewe hakumficha.

"Nionyeshe kinacholishika gari," akasema.

Nilimlaza juu ya turubai, tukaingia pamoja uvunguni. Nilimwonyesha mabomba, viatu, busta, matangi. Nilimwambia kipi kinaweza kuharibika na kinaonyesha dalili gani kabla. Aliuliza maswali ambayo mafundi wangu hawakuwahi kuniuliza. Alipotoka alikuwa na grisi shavuni.

"Kwa hiyo hata wewe huna hakika," akasema.

"Hakuna mwenye hakika na breki, mwanangu. Ninajua tu pa kutazama kila asubuhi."

"Basi nifundishe pa kutazama."

Nikamfundisha. Mkaguzi wa magari wa polisi alipokuja kulipima, alishuka na Daktari mlima uleule wa Buswelu, akamtaka asimame katikati ya mteremko, mara kwa injini, mara kwa injini iliyozimwa makusudi. Mimi nilisimama chini na macho nimeyafumba. Nilifumbua niliposikia mkaguzi anacheka.

Nimestaafu sasa. Nina bustani ya mchicha na kuku wachache, na mikono yangu haikazi tena nati sawasawa. Watu huniuliza kama najivunia gari lile. Kila masika, mvua zikianza kunyesha na barabara za Misungwi zikigeuka tope, naamka na kulifikiria kila bomba nililolifunga, kila kona niliyolehemu. Hiyo ndiyo pensheni yangu ya pili. Ninyi mnaoanza, mtu akiwaahidi kwamba itafika siku kazi hii isiwatishe, mtazameni vizuri kabla ya kupanda gari alilotengeneza.

Juzi Sabina alikuja kunisalimu. Walikuwa wanatoka kwa mfugaji mmoja ng'ambo ya Misungwi, ng'ombe alikuwa ameshindwa kuzaa. Daktari alibaki garini, anaongea na simu, matope hadi kwenye kofia. Ndama amepona, Sabina akaniambia, na mama yake pia. Siku hizi hufuatana naye kila safari. Yeye ndiye anayeingia uvunguni asubuhi, yeye ndiye anayebeba mkoba wa dawa.

"Bado unaogopa?" nikamwuliza.

"Kila siku, mama." Alichukua mchicha niliomfungia, akautia kwenye mfuko. "Lakini sasa naogopa nikiwa ndani ya gari. Kule dirishani nilikuwa nakufa."

Akaniaga, akapanda, akafunga mlango. Nilimwona Daktari akiusukuma ule mkono mbele kwanza, kuijaribu breki, kabla hajawasha.