Makaburi Mawili ya Baharia wa Khayega

Bibi yangu, guku kama tunavyosema kwetu, aliolewa na mwanamume mmoja akaachiwa makaburi mawili. Moja liko kando ya jiko, na mgomba juu yake. Lingine liko kule chini karibu na ua, lina saruji na msalaba. Mgeni akija kwetu Khayega mara ya kwanza huuliza ni nani na nani. Tunamjibu ni guga, babu yetu. Anaendelea kungoja tumtaje wa pili, na wa pili hayupo.

Watu wa kwetu, bwana, hawana subira na kifo. Mahindi tunayangoja, mvua tunaingoja, lakini mtu akikawia kurudi nyumbani, tayari kuna mwenzake anatafuta jembe. Guga alichukuliwa kwenda vita vya wazungu akiwa kijana aliyeoa juzi tu. Maji makubwa aliyowahi kuyaona ni mto Yala ukifurika. Wakampeleka Mombasa, wakamtia katika jeshi la majini, na kazi yake ikawa kulisha tanuri makaa ya mawe, chini kabisa ya meli, mahali ambapo hata hiyo bahari yenyewe huioni. Guku alikuwa hawezi kulisema jambo hili bila kukasirika. "Mtu wa mahindi! Wamchukue mtu wa mahindi wamtie chini ya maji!"

Kisha siku moja mjumbe wa chifu akasimama barazani akasema meli ile haikufika ilikokuwa ikienda. Basi, hayo tu. Guku akangoja. Mvua zikapita, mavuno yakapita. Akaanza kumwota mumewe amesimama nje ya mlango, amelowa chepechepe, hagongi wala haiti. Aliposimulia ndoto hiyo, wazee wakatazamana. Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usionekane, huzikwa mgomba badala yake, ili roho ipate pa kulala na isirudi kuhangaisha watoto. Wakaleta mgomba, wakauvika shati lake la kanisani, wakauzika kwa nyimbo na vilio kama mtu. Guku akanyolewa nywele. Alilia siku hiyo, aliniambia mwenyewe, mpaka akasikia kitu kimekauka ndani yake.

Sasa vijana waliotumwa kuuleta ule mgomba walikosea. Mgomba wa kuzika hukatwa juu ya kisiki, ukabaki shina tupu. Wao, sijui ni uvivu, sijui ni haraka ya kwenda kula, waliung'oa wote na kisiki chake. Yeyote aliyewahi kulima ndizi anajua kisiki kikifukiwa kitafanya nini. Mvua zilipokolea guku akaenda kufagia pale, akaona chipukizi limetoa pua juu ya udongo, pale kifua cha lile shati kilipolazwa. Hakumwambia mtu. Alikusanya majani makavu akalifunika.

Chipukizi lilikuwa limefika magotini pale mwanamume mmoja alipotokea njiani, mchana kweupe, na mkoba wa turubai begani.

Hebu fikiria! Watu walikimbia, sufuria zikaachwa mekoni zikaungua. Aliyemsogelea ni mama yake peke yake, na mama yake macho yalikuwa yameingia ukungu. Alimpapasa kichwa, masikio, shingo, akasema, "Ni wangu." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nani angebisha? Wazee wakachinja kondoo, wakampaka yaliyotoka tumboni mwake, wakatoboa ukuta wa nyuma ya nyumba apitie hapo, kwa sababu mtu aliyekwisha kuzikwa haingii kwa mlango. Wakataka na ule mgomba ufukuliwe utupwe. Yeye akakataa.

"Mwacheni alale," alisema.

Baba yangu alizaliwa baada ya hapo, na mimi nikalelewa na guku tangu nikiwa mdogo. Siku moja tulikuwa tunachambua mboga uwanjani, nami nilikuwa darasa la nne hivi. Guku akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesema sukari imeisha, "Huyo si yeye." Guga alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, anachonga mpini wa jembe. Nikamwangalia. Akainua kichwa akanitabasamia, na jamani, nikainamia mboga haraka.

"Yule wangu alikuwa na kelele," guku aliendelea, vidole vinatembea kwenye mboga. "Akila unasikia, akicheka jirani wanasikia. Huyu anakula kama anaogopa kuamsha mtu. Kila kitu cha nyumba hii anakijua, lakini anakijua kama mtu aliyeambiwa."

Nikamwambia kwamba wenzake waliotahiriwa naye walikuwa wanakunywa naye busaa kila wiki, na hakuna aliyelalamika.

"Hao wanaangalia busaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba niliiona."

Na ilikuwa kweli kwamba guga alikuwa na mambo yake. Mvua ya alasiri kwetu haikosi. Sisi tulipokuwa tukikimbilia ndani na nguo za kwenye kamba, yeye ndiyo kwanza anatoka. Anavua kofia, anaenda hadi kwenye ule mgomba, anaukumbatia kwa mikono miwili, anafumba macho. Maji yanamshuka usoni. Anayumba polepole, uzito mguu huu, uzito mguu ule, na ardhi ya kwetu haijawahi kuyumba. Midomo inacheza. Mvua ikikatika anarudi, anajikausha, anaomba chai. Ndizi za mgomba ule hakuna aliyezigusa ila yeye. Alikuwa akizichoma kwenye makaa na kuzila peke yake, ameipa nyumba mgongo.

Mimi mdomo wangu haukujua kufungwa, hata sasa haujui. Mvua moja nikasimama chini ya paa la jiko, karibu naye kabisa, nikamuuliza bahari ilikuwaje. Sikudhani atajibu.

"Tulikuwa wawili," alisema, macho bado yamefumbwa. "Tumeshika ubao mmoja. Ubao haukututosha. Mmoja akaachilia."

"Nani, guga?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Alifumbua macho akanitazama muda mrefu, kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionitisha.

"Mimi," alisema.

Kisha akaenda ndani kunywa chai yake, akaniomba nimpelekee kiazi. Nilimpelekea. Mkono ulionipokea sahani ulikuwa na joto kama mkono wowote. Sikumwambia guku, maana ningeanzia wapi? Nilichofanya ni kuacha kupita karibu na ule mgomba, hata kama kupita kando kulimaanisha kukanyaga matope.

Guga alikufa nikiwa sekondari, kitandani, bila maneno mengi. Hapakuwa na kijana aliyekubali kuchimba karibu na jiko, ndiyo maana akalazwa kule chini. Guku alikaa kwenye kiti chake, macho makavu. Wanawake wakanong'ona, mmoja akathubutu kumwambia, lia basi, watu wanakuangalia.

"Nilishamlia," guku akajibu, na hiyo ikawa aibu ya ukoo kwa muda mrefu.

Mwaka jana, guku mwenyewe akalazwa hospitali kule Iguhu, na wote tulijua harudi. Wee, fitina ikaanza hata kabla hajakata roho. Kwetu mke hulazwa kushoto mwa mumewe. Kushoto mwa yupi? Mzee mmoja wa ukoo akasema aliyeliliwa na mke ndiye mume, kwa hiyo ni kwenye mgomba. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenye boma siku hizi, akaruka juu. "Mama yangu alazwe na ndizi? Kwani sisi tulizaliwa na nani?" Nilimwona usoni akijuta kuuliza. Wakakubaliana guku aseme mwenyewe, na kwa vile ndiye aliyenilea, nikatumwa mimi.

Njia nzima nilikuwa na jibu lake tayari. Kama kuna kitu guku alikiogopa maisha yake yote ni hicho, kulazwa milele kando ya mtu asiye wake. Alishaniambia akiwa na nguvu, akaniambia akiwa mgonjwa. Nilikwenda kuthibitisha tu.

Nilimkuta ameegemezwa mto, amekuwa mdogo, mkono wake mwepesi kama ganda la mahindi. Nikamwambia, "Guku, wanataka kujua tukuweke wapi."

"Nilijua watakutuma wewe. Waoga hao." Alipumzika kidogo. "Niwekeni kule chini."

Nilidhani homa imempanda. "Chini? Kwa yule aliyekuja?"

"Kwa yule aliyekuja."

"Si wewe uliyesema si yeye?"

"Na sijabadilisha." Alinikazia macho, yale macho yake ya kunigombeza. "Yule wangu nilimlia vizuri. Alipata nyimbo, alipata shati lake. Huyu nani alimlia? Kwao, popote walipo, pengine kuna mtu alikufa akimngoja."

Muuguzi akapita, akatengeneza pazia, akaenda. Nilingoja mpaka viatu vyake havisikiki.

"Guku, ulijua ni nani?"

"Sikumuuliza."

"Miaka yote hiyo?"

"Ningemuuliza angeniambia," alisema. "Halafu angeondoka."

Baba mdogo aliponipigia simu nikamwambia ni chini. Akataka kujua kwa nini, nikamwambia mama yako amesema chini, wewe chimba. Alishusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu, maskini, akasema Mungu ni mwema. Nikamwacha na furaha yake. Angejua alichokuwa akishukuru!

Tulimzika guku kushoto mwa saruji ile. Nyimbo ziliimbwa, udongo ukaanza kurudishwa, nami nilikuwa nimelia kiasi changu kwa ajili yake. Halafu nikageuka upande wa pili, kwa yule mtu aliyenitabasamia uwanjani, ambaye damu yake ndiyo hii ninayotembea nayo, nikapiga yowe. Nilimlilia kwa sauti yangu yote, bila kujua nimwite nani. Wanawake waliokuja kunishika mikono walidhani bado namlia guku.