Mlinzi wa Kinu cha Dhahabu

Muhidini Matano alikuwa mlinzi mbaya kuliko wote niliopata kuwaona, na nasema hivyo nikiwa miongoni mwa waliofaidika. Kampuni ilipofunga mgodi wa dhahabu juu ya kijiji chetu, njia ya Chunya, ilimwachia nyumba ya mabati ya vyumba viwili na mshahara mdogo, ili alinde kinu cha kusagia mawe. Kwa miaka saba alikilinda hivi: ukienda kumwomba kitu, anakupa.

Mwizi hakuwa, na senti ya mtu hakupokea. Wazazi wake walitoka pwani kufuata biashara, wakamlea katika dini, na katika chuo cha Kurani alishika somo moja kuliko yote: kumnyima jirani chombo cha kazi ni dhambi. "Ninaazima, sitoi," alimwambia kila aliyeondoka na chuma. Basi Asukile, mhunzi wetu, akaazima mchi mmoja wa kinu, mzito kama ndama, akaufanya fuawe. Mama Damari akaazima wavu wa kuchekechea mawe, akawa anaanikia ulezi. Mimi, mwalimu wa shule, niliazima kipande cha reli nikakitundika mtini kuwa kengele. Tangi la maji lilikwenda kanisani, na walioliviringisha kuteremka nalo mlima walikuwa Waislamu wa sokoni. Kule mgodini zikabaki nguzo na paa.

Mwaka 1958 mambo yakaharibika, na chanzo ni wivu wa mji kwa mji. Wasafiri wenye magari waliotoka Rhodesia kwenda Nairobi walikuwa wakifika Mbeya wanajaza petroli, wanakwenda zao Iringa, na huko wanashuka kutazama mawe ya kale ya Isimila. Wafanyabiashara wa Mbeya wakaumia roho. "Mawe!" walisema. "Wenzetu wanaringa kwa mawe, na sisi tuna mgodi mzima!" Wakachapisha karatasi zenye picha ya kinu chetu, picha iliyopigwa enzi kinu kikiwa kizima, wakazigawa kwenye hoteli na vituo vya petroli. Haukupita mwezi, Meneja wa kampuni akaandika barua. Alhamisi angeleta wageni kumi na wawili, naye angekuja na orodha ya vifaa vyote avikague.

Muhidini aliniletea barua nimsomee. Niliisoma mara mbili. Mara ya pili alikuwa amekwisha kukaa chini.

"Mwalimu, nimekwisha. Watanifukuza, na nyumba ni yao. Nimpeleke wapi mke wangu Bibie, na miaka yangu hii sitini?"

"Vikusanye, Mzee wangu. Siku tatu zinatosha."

"Nikamnyang'anye Damari wavu, na ulezi uko juani?"

"Mweleze shida yako."

"Kumdai jirani kitu ambacho bado anakitumia! Wewe Mwalimu umesoma, lakini hukulelewa."

Nilikasirika, maana nilikuwa nimeshajitayarisha kumrudishia kengele yangu. Nikisema kweli, nilikuwa nimejitayarisha kidogo tu.

Aliyeikata kesi ni Bibie mwenyewe, tuliyemfuata nyumbani kwao tukamkuta akipepeta mchele mlangoni. "Baba Waridi," alisema, "kama huwezi kuvileta vitu kwa wageni, wapeleke wageni kwenye vitu. Miguu si wanayo?"

Alhamisi Muhidini alivaa kanzu ya Idi. Mimi nilisimama ubavuni mwake kama mkalimani. Wageni waliziangalia nguzo, wakaliangalia paa, wakaangaliana. Meneja alifunua orodha yake, shingo ikamwiva.

"Kinu kiko wapi?"

"Karibuni, tuanze na mchi wa kwanza," Muhidini alijibu, akatangulia kushuka mlima.

Asukile alipoona wazungu aliligonga jembe kwa nguvu mara mbili ya kawaida. Mama mmoja wa kizungu, mwenye kofia pana, aliomba nyundo ajaribu, akajiponda kidole, akacheka huku machozi yakimtoka. Mama Damari aliwapa togwa na kuwakataza kusogelea ulezi wake. Kanisani walikunywa maji ya tangi. Shuleni niliwaruhusu wapige kengele, jambo ninalolijutia, maana watoto walitoka mbio wakidhani masomo yamekwisha na siku hiyo hawakurudi tena. Wageni walipiga picha kila kitu, hata mbuzi wa Mchungaji. Walifurahi kupita kiasi.

Lakini hofu yetu ilikuwa kalamu ya Meneja. Kila nyumba aliyoingia aliweka alama kwenye orodha, na nyuma yake kijiji kizima kilimfuata, kila mtu akingoja kunyang'anywa chake. Nilimwonea huruma Muhidini, na kengele yangu pia niliionea huruma.

Alasiri tulirudi mgodini. Meneja alizungumza, nami nikatafsiri.

"Migodi yetu mingine mitatu ina walinzi wenye bunduki, na vifaa vyake vyote vimeibwa. Hapa pana vitu arobaini na viwili. Nimeviona arobaini na kimoja. Kwa nini uliwapa watu?"

"Sikuwapa, Bwana, niliwaazima. Chuma kikilala porini peke yake, mwenyewe ni atakayewahi kufika. Lakini nenda ukaibe kwa Damari, tukuone."

Meneja alimtazama Damari, aliyekuwa amesimama mbele ya wenzake mikono kiunoni. Akaikunja orodha.

"Kazi ni yako, na vitu vikae vilipo. Wageni watakuja kila Alhamisi." Watu wakaanza kupiga vigelegele, naye akainua mkono. "Bado kimoja. Kufuli la lango la mgodi liko kwa nani?"

Muhidini aliinamisha kichwa. Katika mashaka yote ya siku hiyo, hapo ndipo nilipomwona ana aibu ya kweli.

"Hilo unisamehe, Bwana," alisema. "Hilo ndilo pekee ambalo sikumwazima mtu. Liliibwa."