Spika ya Kwanza Mtaani Kwetu

Wenzangu wa rika langu mtaniunga mkono: tulipokuwa wadogo pale Kakamega, miaka ile bendera mpya ilipokuwa bado haijapauka, hata kelele zilikuwa na adabu. Sisemi mji ulikuwa kimya. Kengele ya misheni, ambayo kwa kweli ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini, ililia asubuhi ikanyamaza. Mashine ya posho nyuma ya soko ilianza kukohoa jua likishatoka, nasi tuliotumwa na debe la mahindi tulirudi na nyusi nyeupe kama za wazee. Shuleni tulighani hesabu za kuzidisha kwa sauti moja hadi mabati yakatetemeka, na mvua ya alasiri ilipoyapiga mabati hayo mwalimu aliweka chaki chini, kwa kuwa hakuna aliyeshindana na mvua ya Kakamega. Zikisikika ngoma za isukuti tulijua kuna harusi mahali, na huenda kuna ingokho, ule kuku wetu wa karamu, basi miguu yetu ilikwenda yenyewe bila kutumwa. Kelele ilikuambia jambo lake, kisha ikakuacha uishi.

Nyumba yetu ilikuwa kati ya msikiti mdogo wa mabati na kiwanja kitupu tulichochezea mpira wa matambara. Mwadhini, Mzee Shaban, alikuwa fundi wa kushona. Akiwa na nguo mkononi aliitazama saa, akaiweka nguo chini, akaenda kuadhini kwa koo lake alilopewa na Mungu, bila chombo chochote. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kukhu, mama yake baba, alipougua akaletwa kwetu kutoka kijijini karibu na Lubao, Mzee Shaban alikuja mlangoni kumwona mama.

"Mama Mmbone, nasikia mama mzee hapati usingizi ila mchana. Basi adhana ya alasiri nitaitolea mlango wa upande ule mwingine. Mwenye kutaka kusikia atasikia."

Mama akampelekea kukhu habari. Kukhu, aliyebatizwa tangu usichana wake, akakunja uso.

"Mwambieni arudi mahali pake," akasema. "Mimi nangojanga chai yangu na sauti yake."

Hao ndio watu niliokulia kwao.

Kisha akaja mhubiri. Alikuja na lori, turubai, na kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukiona kwa karibu: spika kubwa yenye mdomo kama ua la boga, iliyofungwa juu ya mti na kulishwa kwa betri ya gari. Alipewa kiwanja chetu kwa mikutano ya juma zima. Sisi watoto tulifurahi kama wendawazimu. Furaha hiyo haikufika jioni. Ile sauti iliingia nyumbani bila kubisha, ikakaa kitini, ikala nasi obusuma, ugali wetu. Vikombe vilitetemeka kabatini. Baba na mama walizungumza kwa ishara kama mabubu, na kukhu, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi, akaacha kuzungumza kabisa.

Siku ya pili mama akavaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, akaenda kwa mhubiri, mimi nimeshika sketi yake.

"Mulembe, mhubiri. Mama mkwe wangu ni mgonjwa sana, amelala nyumba ile pale. Nakuomba tu ugeuze hiyo spika iangalie sokoni."

Mhubiri alitabasamu. "Mama, mgonjwa anahitaji Neno kuliko usingizi."

"Neno analo tangu zamani. Usingizi ndio hana."

"Nitaigeuza," akasema, na mama akamshukuru.

Aligeuza kweli. Kesho yake ile spika ilikuwa inatazama dirisha la kukhu, na mhubiri akautangazia mji mzima kwamba katika nyumba ile kuna bibi anayepambana na giza, na wamsaidie kwa kupaza sauti. Wakapaza. Mama alisimama katikati ya chumba, mwiko mkononi, machozi yakimtoka kwa hasira.

Siku mbili baadaye, mchana, kukhu akaomba aketishwe. Baba aliitwa kazini akaja mbio. Kwetu maneno ya mzee anayeondoka ndiyo urithi wenyewe. Shamba hufuata baadaye. Tulipanga mstari pembeni mwa kitanda. Kukhu akamwekea kila mmoja mkono kichwani na midomo yake ikasema, lakini nje walikuwa wameanza kuimba na kupiga vigelegele ndani ya ile spika. Baba akafunga madirisha. Akainama hadi sikio lake likagusa midomo ya mama yake. Mama akatoka mbio kwenda kuwasihi wanyamaze. Watu wakamfungia njia, wakidhani amekuja kuokoka, wakamwekea mikono na kumwombea.

Aliporudi, kitambaa kimeanguka mabegani, kukhu alikuwa amemaliza kusema, na amemaliza kila kitu.

Jioni nilimuuliza baba kukhu aliniambia nini.

"Nilisikia, 'Mwambieni Mmbone asi...' Lingine sikulipata."

Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimefanya mengi mazuri na mengine ya kipumbavu. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo alilonikataza. Nani wa kunirudishia neno hilo?

Siku ya mazishi mhubiri alifika kijijini na lori lake. Mama alimngojea langoni.

"Wewe karibu," akamwambia. "Hiyo spika haiingii. Kwetu imeshasema vya kutosha."

Mhubiri akatazama huku na huku, akaiacha lorini, akaingia. Alipopewa nafasi ya kuomba, sauti yake haikufika kwa waliokaa nyuma, nao wakawa wanaulizana kama ameshaanza. Mzee Shaban alikuwa amekaa na wanaume, kofia mkononi, akilia kama mtu aliyefiwa na mama yake. Lakini msidhani mhubiri alijifunza. Juma lililofuata alikuwa kwenye kiwanja kingine, spika juu, na waliokuja kulalamika aliwaita maadui wa kazi ya Mungu.

Leo mimi ni kukhu, naishi mtaa ule ule. Nimezungukwa na makanisa matatu, msikiti wenye vipaza sauti pande zote, baa isiyojua Jumatatu wala Jumapili, na kijana auzaye simu ambaye amezipanga spika nje ya kibanda kana kwamba sisi ni viziwi tuliokusanywa kwa matibabu. Nilikwenda kumwomba apunguze. Alikuwa ameziba masikio yake mwenyewe kwa vile vijidude vya kusikilizia muziki. Akatoa kimoja, akasema, "Kukhu, si uzoee tu," akakirudisha.

Nilipeleka malalamiko kwenye ofisi ya chifu, nikaambiwa mambo ya ibada ni mazito. Mazito kwa nani? Sisi tuliabudu miaka yote ile kwa makoo matupu, na sijasikia kwamba Mungu alikosa neno.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika mchana. Kila kitu kilinyamaza kwa pamoja. Nilikaa barazani nikasikia mtoto wa jirani akikohoa, mtu akichanja kuni, ndege akilia kutoka upande wa msitu. Mama mmoja ambaye tumepakana ua kwa miaka mingi alinisalimia kutoka kwake bila kupayuka, nami nikamjibu, tukazungumza hadi chai ikapoa.

Umeme uliporudi, mtaa mzima ulishangilia, na spika zote zikaanza kwa pamoja. Jirani yangu alifungua mdomo kumalizia alilokuwa akisema, kisha akanipungia mkono akaingia ndani.