Jeshi langu la Wagiriki lilifinyangwa Matombo, na jemadari wake alikuwa na sura ya mjomba

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Najua mtu akianza na "jeshi la Wagiriki" mchana kweupe mtamuuliza amekula nini. Nimekula ugali na mlenda, na ninachosimulia si chai. Walioshuhudia wapo, meza ipo, na ushahidi umesimama staff room mpaka leo umeshika chaki. Mtaelewa mbele.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari moja hapa Moro mjini. Mluguru wa Matombo, kwa baba na kwa mama.

Jirani yangu, ambaye ndiye adui yangu, ni Mwalimu Maganga wa hesabu. Huyu ni Mnyamwezi. Kwa wasiojua, Wanyamwezi na sisi ni watani. Maana yake anaweza kunisema mbele ya wanafunzi, mbele ya mke wangu, hata msibani. Anaweza pia kubeba kitu changu huku namwangalia, na nikikasirika mimi ndiye mwenye makosa.

Haki hiyo na mimi ninayo. Ila yeye anaitumia mpaka inachakaa.

Sasa Maganga ana kaka yake ughaibuni. Kaka alipokuja likizo akamletea boksi la askari wa plastiki, urefu wa kidole, pamoja na kitabu cha sheria. Ni gemu la vita vya kale. Unapanga jeshi lako mezani, mwenzako anapanga lake, mnasogeza kwa rula na kurusha dadu kuamua nani kafa. Huko duniani watu wazima na mvi zao wanacheza, kwa hiyo msinicheke.

Jeshi la kwenye boksi lilikuwa la Waajemi, farasi kibao. Adui hakuwemo. Maganga akanifuata nyumbani na kuniambia nitafute Wagiriki wangu, la sivyo atatangaza shuleni kwamba Waluguru wameshindwa vita kwa kutofika uwanjani.

Wakuu, Mgiriki wa plastiki Morogoro unampata wapi? Nilizunguka soko zima nikaambulia dinosaria watatu na twiga.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu mdogo. Yuko Matombo, anafinyanga vyungu tangu sijazaliwa. Nikampigia na kumwomba anifinyangie askari sitini wa urefu wa kidole. Akauliza nimeanza lini kwenda kwa waganga. Nikamwambia ni vifaa vya kufundishia. Huo ndio uongo pekee kwenye uzi huu, na niliusema kwake, si kwenu.

Akataka picha. Nikajifunga kitenge cha mke wangu kiunoni, mfuniko wa sufuria mkono wa kushoto ndiyo ngao, mti wa deki mkono wa kulia ndiyo mkuki. Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, kamera ya mbele, nikaweka timer. Mke wangu alipita, akatazama, akaendelea na safari yake. Picha nikaituma WhatsApp.

Baada ya wiki tatu jeshi likashuka na basi, kwenye trei za mayai. Kumi na wawili walipasuka motoni, wakabaki arobaini na nane. Mama mdogo alifuata maelekezo yangu vizuri: kila askari ana kizibo cha soda kama ngao, kimekandamizwa kwenye mkono uliokunjwa kifuani, udongo ukiwa mbichi. Mikuki nikachonga kwa njiti za chelewa. Kofia nikapaka rangi ya kucha ambayo mwenye nayo hakuulizwa.

Tatizo likawa sura.

Mama mdogo hajawahi kuona Mgiriki, kwa hiyo alifinyanga watu anaowajua. Mstari wa mbele alisimama fundi cherehani wa pale kijijini, pembeni yake mwenyekiti wa kitongoji na pengo lake. Na jemadari, ambaye nilisema awe mkubwa kuliko wote na awe na shungi kichwani, alikuwa mjomba wangu mtupu. Masikio yale yale, nyusi zile zile, tumbo limetangulia. Na sketi.

Niwaelezeni mjomba ni nani. Kwetu Uluguru ukoo unafuata kwa mama, na ardhi iko mikononi mwa mjomba. Huyu wangu ni askari magereza mstaafu wa Kingolwira, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake yote kwa wakati mmoja. Miaka mitatu nilikuwa namwomba shamba la migomba aliloacha bibi. Alikuwa ameahidi kuja mjini Jumapili yoyote kunipa jibu. Mnaelewa sasa kwa nini sikutaka aonekane kavaa sketi.

Maganga akanikuta barazani nampaka jemadari rangi. Wengine walikuwa bado ndani kwenye trei. Alimtambua palepale, maana mjomba aliwahi kulala kwangu. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Akaniambia, "Ningeweza kumchukua sasa hivi kwa utani. Lakini nataka nimpate kivita. Ukishindwa, anakaa staff room, natoboa mkono wake ashike chaki."

Hasira zikanipanda nikakubali. Alipoondoka ndipo akili ikarudi. Staff room yetu wanapita wazazi, na nusu yao ni wa Matombo. Mjomba angepata habari kabla kengele haijagongwa, na shamba ningelisikia limepewa mtu mwingine. Wakuu, niliogopa kwelikweli.

Kesho yake asubuhi nikawapanga mezani kwa mazoezi. Nikaona kitu hakikai sawa. Nikainua mmoja, nikainua wa pili, nikainua trei nzima.

Wote wameshika ngao mkono wa kulia na mkuki mkono wa kushoto. Jeshi zima la mashoto.

Nikafungua ile picha. Simu yangu, kumbe, kamera ya mbele inageuza picha kama kioo. Nikampigia mama mdogo, nikamuuliza hakuona chochote cha ajabu?

"Niliona maandishi ya fulana yako yamegeuka," akanijibu. "Nikajua ndiyo Kigiriki."



Hapa nitulie niwape darasa dogo. Askari wa Kigiriki walisimama bega kwa bega, ngao mkono wa kushoto, kila mtu akijificha nyuma ya ngao yake na ya mwenzake. Mbele hawapitiki. Lakini upande wa kulia wa jeshi yule wa mwisho hana wa kumkinga, yuko wazi. Kitabu cha Maganga kinasema ukipiga ubavu usio na ngao unaongezewa dadu tatu. Kila anayejua gemu anakimbilia ubavu wa kulia wa Mgiriki.

Na mimi kulia kwangu kulikuwa na ngao. Uchi wangu ulikuwa kushoto.

Wakuu, nilitabasamu peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Jumapili ikafika. Baraza langu, meza mbili zimeunganishwa, blanketi juu. Katikati tukafunga kamba na kutundika kitenge ili kila mtu apange jeshi lake bila kuonekana. Mto wa maji, yaani kitambaa cha bluu, ulikuwa upande wangu wa kushoto, nikaubananisha ubavu wangu pale pale majini, farasi asipate pa kupita. Kulia nikaacha peupe kabisa, hata kichaka sikuweka.

Kitenge kikashuka. Ukiwa mbele unaona ukuta wa vizibo tu, mkono gani umeshika huwezi kujua. Maganga akaangalia kulia kwangu, akakohoa, akaanza kuhamishia farasi wake wote huko. Alikuwa anapiga mluzi.

Mzunguko wa pili, geti likalia. Mjomba.

Nilichofanya ni kumfunika jemadari na kikombe cha plastiki, kisha nikakimbia kutoa shikamoo na kupokea mkoba. Mjomba akaketi, akauliza watu wazima wawili wanafanya nini. Kabla sijatunga jibu, Maganga akatoa shikamoo kwa adabu zote, akanyoosha mkono, akainua kikombe.

Mjomba akamtazama jemadari. Muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mjomba," Maganga akasema. "Mpwa wako kakuvalisha sketi."

Niliona migomba ya bibi ikiondoka mmoja mmoja.

Mjomba aliinuka, akaja upande wangu, akainama nyuma ya mistari ya askari. Huyu mtu amekagua gwaride maisha yake yote. Nyusi zikasogeleana.

"Hawa," akasema, "ngao wameshika mkono..."

Wakuu, mjomba humwambii anyamaze. Hakuna lugha ya kumwambia. Nilimtazama tu, macho yamenitoka kama mtu aliyemeza mfupa.

Aliyeniokoa ni Maganga mwenyewe na mdomo wake. Alikuwa kapandisha sauti kwamba mjomba awasaidie Waluguru wenzake kusimama, maana kwa kulima milimani kila mmoja ana mguu mmoja mfupi, tambarare hawaiwezi. Hakusikia kitu.

Mjomba akatazama mto. Akatazama farasi. Akanitazama mimi. Kisha akarudi kwenye kiti chake taratibu.

"Chai ipo?" akauliza.

Farasi wakaja. Maganga akaokota dadu zake, akaongeza tatu za ubavu. Nikamzuia mkono na kumwomba asome sheria kwa sauti. Akasoma: ubavu usio na ngao. Nikamwambia amwangalie mtu wa mwisho.

Alimnyanyua yule fundi cherehani, akamgeuza, akamgeuza tena. Akanyanyua mwenyekiti. Akakaa.

Kisha akalalamika kwamba Wagiriki hawakuwa mashoto, mimi mwalimu wa historia sina aibu. Tukamgeukia mzee.

"Kitabu kimesema ngao, au kimesema kulia?" mjomba akauliza.

"Ngao."

"Basi rusha."

Bila zile dadu tatu farasi waligonga ukuta. Mzunguko wa tano Waajemi walikuwa wanakimbilia ukingo wa meza. Nilishinda, wakuu. Nilishinda kihalali kwa kosa la simu.

Maganga akasimama, akanipa mkono kiungwana. Halafu akamchukua jemadari, akamtia mfuko wa shati.

"Kivita nimeshindwa," akasema. "Huyu nachukua kwa utani."

Niliruka kwenye kiti. Mjomba akainua kiganja.

"Kaa. Huyo mtani wetu, kachukua chake."

Nikakaa. Nilimsindikiza mjomba mpaka getini nikiwa sina hata hamu ya kuuliza. Akapokea mkoba wake, akaanza kwenda, akageuka.

"Shamba la bibi yako nenda kalime. Mtu anayejua kuficha ubavu hivyo hataibiwa ndizi." Akafikiri kidogo. "Na mwambie mama yako mdogo anifinyange mwingine. Tumbo apunguze."

"Na sketi, mjomba?"

"Sketi iwe vile vile."

Nilichojifunza: gemu msome kitabu, siyo mazoea. Selfie mziangalie kabla ya kuzituma. Na mtani usimwekee dau, maana akishinda anachukua, na akishindwa anachukua.

Jemadari wa kwanza yuko staff room, mkono umetobolewa, chaki iko mahali pake. Kila asubuhi nikienda kuchukua chaki nampa shikamoo, hata wakiwepo wazazi. Sijui habari zinafikaje Matombo, lakini zinafika.

Karibuni kwa maoni. Wanyamwezi mje mmoja mmoja, mimi niko peke yangu.